Mikono ya Bibi Harriet

Saa tatu kamili asubuhi kifufuzi kilimaliza kuisoma picha, na Bibi Harriet Pellworth, aliyefariki Uingereza karibu miaka mia nne iliyopita, akapiga chafya. Wafanyakazi wa Jumba la Sura, makumbusho ya picha za kuchorwa huko Dodoma, wakapiga makofi.

Kilikuwa chombo cha ajabu kweli. Kilipenyeza miale katika kila tabaka la rangi, kikapima kila mguso wa brashi, kisha kikaunda mwili laini wenye joto, na akili ndani yake. Mhandisi Nyamizi Chilongani alikuwa amethibitisha kwamba mchoraji akimkazia mtu macho kwa muda mrefu, humwacha ndani ya rangi zaidi kuliko alivyokusudia. Ugunduzi huo ulimpa sifa, na kiburi kidogo.

Uso wa Bibi Harriet ulitabasamu. Kitafsiri cha kooni kikamtolea Kiswahili safi cha kusifia chumba. Lakini mikono haikutulia. Ilisugua, ikakamua, ikafikicha, kama iko ndani ya beseni la nguo.

Mkurugenzi Ulimboka akanuna. "Mhandisi, kesho tunafungua milango. Bibi mwenye hariri mwilini anafua nini?"

Nyamizi alipekua kumbukumbu za karakana ya mchoraji, akaliona kosa lake. Zama zile mabibi wakubwa hawakuwa na subira ya kukaa wachorwe. Kijakazi alivalishwa gauni la bibi yake, akakalishwa siku nne hadi mikono ikachorwa. Siku ya tano bibi alikuja akakaa kwa muda wa saa mbili tu, ili uchorwe uso. Kijakazi huyu aliitwa Ann. Kifufuzi kilikuwa kimefufua watu wawili katika mwili mmoja, na mdomo alipewa mmoja tu.

Akafunga kisomania, kifaa cha kusoma nia ya misuli, kwenye vifundo vya mikono ile. Kioo cha kifaa hicho kikaandika alichotaka kusema Ann: *Naomba ruhusa. Nimemwacha mwanangu kijijini kwa jirani, ana homa. Ana miezi mitano. Leo siku ya nne. Nimeambiwa nisijongee hadi mchoraji amalize.*

Nyamizi aliona aibu, halafu hasira, na hasira hiyo hakujua aielekeze wapi.

"Tumzime," alisema.

"Huwezi," Ulimboka akajibu, karibu kwa upole. "Sheria uliipigania wewe mwenyewe."

Kweli. Miaka mitatu alihangaika mpaka ikapita: mfufuliwa yeyote asizimwe bila ridhaa ya yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye picha. Wakati ule hakuna aliyewafikiria wasioandikwa, hata yeye.

Akaenda kupiga magoti mbele ya kiti. "Bibi, ndani yako yumo Ann, kijakazi wako. Anateseka. Ana mtoto mgonjwa na anaomba aende. Ukiridhia kuzimwa, naye atapumzika."

"Ann," alisema Bibi Harriet, akikumbuka kwa raha. "Mtoto wake alikufa siku ya pili. Nilikataza asiambiwe mpaka picha ikamilike. Angelia, na mikono ingetetemeka." Akainua kidevu. "Mimi sitaki kuzimwa. Najisikia vizuri."

Masikio yao yalikuwa yaleyale. Nyamizi alikumbuka hilo akiwa amechelewa. Vidole vilisimama. Mikono ikashuka mapajani taratibu, ikalala mmoja juu ya mwingine, sawasawa na kwenye picha. Kioo kikabaki kitupu.

"Safi," alisema Ulimboka. "Imetulia."

Lakini kila alfajiri kifufuzi humrudisha mfufuliwa kwenye hali ya picha ili asichakae, na yote ya jana hufutika. Asubuhi ya ufunguzi mikono ilianza tena kukamua. *Naomba ruhusa*, kioo kikaandika. *Leo siku ya nne.*

Nje wageni walikuwa wamejaa. Ulimboka akatazama saa yake. "Mwambie ile habari ya jana, atulie."

Nyamizi hakuweza kumwua yule mtoto kila asubuhi. Akainama, akaishika mikono ile iliyokuwa na joto kama ya mtu yeyote.

"Bado kidogo, Ann," alisema. "Mtoto hajambo. Vumilia tu, mchoraji anamalizia."

Vidole vikalegea. Mikono ikalala mapajani, ikasubiri kwa utii.

Bibi Harriet alimtazama kwa furaha ya mtu aliyempata mwenzake.

"Ndivyo nilivyomwambia na mimi," alisema.

Milango ikafunguliwa.