Mchicha Uliopanda Tuktuk

Kila jioni Pascalia alipita mbele ya genge la mboga la Dorcas akiwa ndani ya tuktuk. Macho aliyaelekeza upande wa pili.

Huko mtaani Ziwa la Ng'ombe wawili hao walikuwa majirani wa ukuta mmoja, na mchicha wa Dorcas ulikuwa mzuri. Lakini Pascalia na mumewe Musyoka walikuja kutoka bara, naye alichelea kusemwa kuwa wameishiwa. Kutembea na kiondo, alijiambia, ni mambo ya kijijini. Kiondo alichosukiwa na mamake kilining'inia nyuma ya mlango, kikila vumbi. Yeye na duka kubwa la Nyali, kwa tuktuk: leo mchicha, kesho chumvi, keshokutwa kiberiti.

Jumapili, katika sala ya jumuiya ya kanisa, Dorcas aliomba aombewe. Mamake huko kijijini Ganze alipanda mahindi, yakakauka. Akapanda tena, yakakauka. Mbegu zilikuwa zinakwisha. Pascalia ndiye aliyeongoza maombi. Aliomba mvua hadi akalia. Kisha akapanda tuktuk kurudi nyumbani, mwendo wa kutupa jiwe.

Kesho yake tuktuk ilizimika, na ikazimikia mbele ya genge. Pascalia alipokuwa akishuka, mfuko ukapasuka. Mchicha ukamwagika chini, nyanya zikabingirika hadi miguuni mwa Dorcas.

"Kumbe siku hizi mchicha nao hupanda tuktuk," alisema Kafedha, jirani aliyekuwa akichagua bamia. Wateja wakacheka.

Dorcas hakucheka. Aliokota nyanya, akazipangusa kwa leso.

"Mama Lavender," alimwita Pascalia kwa jina la mwanawe, "kama mboga zangu mbovu, si ungeniambia?"

"Si mbovu, Mama Munga," Pascalia alimjibu Dorcas. "Niliona haya kuonekana natembea."

Dorcas akamketisha juu ya kreti. Akamweleza aliyoyasikia kwa maafisa wa kilimo huko Ganze. Petroli ikiungua hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo huifunika dunia kama blanketi, joto likakosa pa kutokea. Joto likizidi, misimu huharibika: mvua hukosekana, au huja kwa mafuriko.

"Wenye viwanda vikubwa ng'ambo wamechoma tangu enzi za babu zetu, na mahindi yanayokauka ni ya mama yangu. Hilo hatulisahau, na tutawadai. Lakini nitawadai kwa mdomo gani, nawe wachoma petroli kwa fungu la mchicha?"

Pascalia alikumbuka maombi yake ya jana. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi alikung'uta kiondo. Tangu siku hiyo mboga alinunua gengeni, kwa miguu. Unga, mchele na mafuta alipatana na majirani wanunue pamoja sokoni Kongowea mara moja kwa mwezi, mizigo yote ije kwa tuktuk moja. Kafedha naye akajiunga. Moshi ukapungua milangoni. Majirani hao nao wakanunua mboga gengeni; wateja wakaongezeka, Dorcas akapata cha kumnunulia mamake mbegu za mtama, unaovumilia ukame.

Mwezi uliofuata jumuiya ilipokutana tena, ukame wa Ganze ukatajwa, na wote wakamgeukia Pascalia aongoze maombi. Alikuwa ameinamisha kichwa. Miguu yake ilijaa vumbi la njia, na kiondo kilikuwa kando yake.

"Siku ile sikuomba, nilipiga kelele tu," alisema. "Leo nimekuja kwa miguu. Sasa tuombe."