Vichupa Vilivyofutwa Alama

Haya nilisimuliwa na binti yangu mdogo Jumapili iliyopita, tukichambua maharage. Yeye anafanya kazi kwenye maabara ya kupima magonjwa ya mifugo, na likizo hii alikuwa akienda kazini na binti wa kaka yake. Mtoto huyo tunamwita Kiherehere, maana kutulia hajui.

Asubuhi hiyo Kiherehere aliona vichupa vinne kwenye barafu, vimechafuka kwa nje. Viwili vilikuwa na alama nyekundu, viwili alama ya buluu. Akaona asaidie. Akavifuta kwa spiriti, na alama nazo zikaondoka. Akaogopa kugombezwa. Akachukua kalamu za wino, akazichora upya kwa kubahatisha, kisha akakaa kimya kama si yeye.

Mchana majibu yakatoka matupu. Hata damu ya mbuzi aliyejulikana kuwa mgonjwa haikuonyesha kitu.

"Umesahau kuweka vianzishi vya kwenye vichupa vya barafu," mkuu wa maabara akamwambia mama mmoja aliyeajiriwa juzijuzi.

"Niliweka vyote viwili, bosi."

"Sasa vimekwenda wapi, vimepanda basi? Kesho uje na maelezo, au usije kabisa."

Kiherehere akamfuata shangazi yake ukumbini.

"Shangazi, hivyo vianzishi vinafanya nini?"

"Mashine inanakili kipande cha DNA ya kijidudu, mpaka nakala ziwe nyingi za kuonekana. Lakini kinachonakili hakiwezi kuanza patupu. Kianzishi hukishikia mahali pa kuanzia. Cha alama nyekundu huanzia upande huu, cha buluu upande ule, na kila nakala huzaa nyingine. Ukiweka vya upande mmoja tu, haziongezeki. Kwani vipi?"

"Nilifuta alama, Shangazi. Nikachora za kubahatisha."

Shangazi akamshika mkono, akampeleka mpaka kwa mkuu, na mtoto akayarudia yote.

"Kumbe niliweka vya upande mmoja mara mbili," yule mama akasema, akashusha pumzi. Mkuu akamwomba radhi mbele ya wenzake. Vianzishi vipya vikatolewa kwenye friza, kazi ikaanza upya, na jioni damu ya mbuzi mgonjwa ikajionyesha kama ilivyopaswa.

Njiani Kiherehere akauliza, "Umenikasirikia?"

"Kwa kufuta, kidogo. Ulitaka kusaidia, nami sikukukanya usiguse. Kwa kuchora, sana. Kosa lililosemwa tungelirekebisha asubuhi ile ile. Ulipolificha, mwenzio akabebeshwa mzigo wako."

"Kesho nije?"

"Njoo. Ila utaikalia hiyo mikono."

Usiku Shangazi akapita chumbani, akamkuta mtoto amelala, mikono yote miwili ameilalia. Akaitoa polepole, akamfunika, akazima taa, naye akaenda kulala.