Jani la Madoadoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimwagilia makopo yake. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Yalikuwa makopo matatu ya maziwa, ameyatoboa chini kwa msumari na kuyapaka rangi iliyobaki mlango ulipopakwa. Moja lilikuwa na mnanaa, la pili mrehani, la tatu mchaichai. Aliyapanga dirishani, na jiko lile lenye kuta za masizi likaanza kupendeza.

Nyumbani kwao, mtu akimaliza kula alichuma jani la mnanaa akalitafuna. Bibi ndiye aliyewazoesha. Hata Bonge, mdogo wake Chiriku, ambaye hata shule hajaanza, alijua kupanda kigoda na kujichumia.

Makopo matatu hayakumtosha Chiriku. Rafiki zake wangekuja Jumamosi, na mmoja alishamcheka: "Hayo si mapambo, shoga. Hiyo ni mboga." Maneno yakamchoma. Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa na ua barazani lenye majani mapana ya madoadoa meupe. Chiriku alingoja fundi aingie ndani kupiga pasi. Akavunja tawi, akalificha chini ya sare, akalipanda kwenye kopo jingine na kuliweka katikati ya yale matatu.

"Hili umelitoa wapi?" mama akauliza.

"Nimepewa shuleni," akajibu bila kupepesa macho.

Jumamosi baada ya chakula, Bonge alishuka kigodani akipiga mayowe. Mate yalimchuruzika, midomo ilikuwa imevimba na ulimi umejaa mdomo mzima. Mama akamnyakua.

"Mama, ni haya haya mambo yako!" akamfokea bibi. "Umemzoesha mtoto kutafuna majani kama sungura. Ona sasa!"

"Mnanaa haujamdhuru mtu, mwanangu."

"Basi ni nini?"

Jibu alikuwa nalo Chiriku. Aliliona jani la madoadoa limeng'atwa nusu. Alitakiwa kusema pale pale. Badala yake alilisukuma kopo nyuma ya ndoo ya maji, akawafuata zahanati mdomo umefungwa.

"Amekula nini?" muuguzi akauliza.

"Mnanaa," mama akasema.

"Mnanaa haufanyi hivi. Nisipojua alichokula, natibu kwa kubahatisha. Kuna sumu ya panya nyumbani? Mafuta ya taa?"

Bibi akainamisha kichwa. "Pengine ni mimi," alisema taratibu. "Macho yangu haya siku hizi si ya kuaminika. Pengine nimempa kitu kibaya bila kujua."

Hapo Chiriku hakuweza tena. "Si bibi! Ni mimi! Ni ua la fundi cherehani. Sikupewa, nimeliiba!"

Benchi zima la wagonjwa likageuka kumtazama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mama hakumpiga. Alisema tu, "Kalete jani. Kimbia!"

Alikimbia akalileta. Muuguzi alilitazama mara moja. "Nalijua. Utomvu wake unachoma." Akamsafisha Bonge mdomo kwa maji, akamnywesha maziwa baridi kidogo kidogo, akataka abaki pale ili waangalie anavyopumua. Jioni uvimbe ulianza kupungua, na Bonge akadai biskuti. Wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Bonge alipolazwa kitandani kwake, mama alimkabidhi Chiriku lile kopo. "Lipeleke kwa mwenyewe." Njiani akakutana na rafiki zake. "Chiriku, tumebisha hodi kwenu hadi tumechoka! Hilo kopo unalipeleka wapi?" Aliwapita akiangalia chini.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho, sindano iko mdomoni. Kisha akaitoa.

"Nilidhani mbuzi ndiye aliyenivunjia ua. Kumbe mbuzi mwenyewe anavaa sare." Chiriku hakucheka, na fundi naye hakucheka. "Ungeomba, ningekupa. Na ningekwambia: lisikae jikoni, mtoto asilifikie, na ukilikata nawa mikono. Anayeiba hapati maelezo. Haya, umeshamwomba bibi yako radhi?"

"Bado."

"Basi unangoja nini hapa?"

Alimkuta bibi ameketi kando ya kitanda cha Bonge. Akapiga magoti. "Nisamehe, bibi. Nilikuona unalaumiwa, nikanyamaza."

Bibi alimfunika Bonge shuka vizuri. Chiriku hakuthubutu kuinua uso.

"Ua halikuniuma," bibi akasema. "Mtoto hutamani, mtoto hukosea. Kilichoniuma ni kwamba leo nimejishuku mwenyewe, nikaamini nimemlisha sumu mjukuu wangu, nawe umesimama pale unajua. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema. Aibu ya kusema inapita. Ukinyamaza, mzigo wako anaubeba asiye na kosa."

"Sitarudia, bibi."

"Najua. Sasa inuka, sogea huku. Tumwangalie mwenzio pamoja."