Mwenye Shati la Kijani

Mkokoteni wa viazi ulimwangusha Peris katikati ya soko la Voi. Gauni lake la maua likajaa vumbi jekundu, kifundo cha mguu kikaanza kuvimba. Watu wakamzunguka. Wakamtazama, wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ainame. Umati ndivyo ulivyo, jamani: macho tele, mkono hakuna hata mmoja.

"Wewe, mwenye shati la kijani!" Peris akamwonyesha kidole. "Niinue!"

Kijana akashtuka, akaja mbio. Alikuwa Obadiah, karani wa reli, na alimsaidia kukongoja hadi zahanati.

Peris alikuwa mwalimu mgeni mjini, ametoka milimani Mgange, na katika chumba chake cha kupanga hapakuwa na wa kumwuliza ameshindaje. Sasa akampata. Kila jioni Obadiah alibisha hodi, nywele amezichana, viatu vinang'aa.

"Mguu wa mwalimu unaendeleaje?"

"Ulipona zamani. Sema umemfuata mwenye mguu."

"Si wewe uliyenichagua, mpenzi? Soko zima, ukaniona mimi."

Peris alicheka tu, asimsahihishe. Alipenda mno kusikia hivyo.

Aliyeharibu mambo ni Mable, mwalimu mwenzake, siku waliyokunywa chai wote watatu, kisa cha soko kikasimuliwa. "Hiyo tulifundishwa chuoni kwenye saikolojia!" akasema akicheka. "Watu wakiwa wengi, kila mtu humwachia mwenzake. Kwa hivyo unamteua mmoja, yeyote yule, unamtaja kwa nguo yake."

Obadiah akaweka kikombe chini. "Yeyote yule?"

Peris akainamia kikombe chake, maana ilikuwa kweli.

Wakubwa wa reli walikuwa wakimtaka Obadiah aende Taveta, naye alikuwa akikataa kwa ajili ya Peris. Wiki ile akakubali. Peris akabaki akipika chakula cha mtu mmoja na kukimwaga nusu. Jioni aliposikia hatua nje, moyo ulimruka, kumbe ni za jirani. Mwishowe akaenda posta, akapanga foleni ya simu.

"Stesheni ya Taveta," ilisema sauti ngeni. "Nikusaidie nini, dada?"

"Namtaka Obadiah."

"Ametoka kidogo. Niambie mimi."

"Hapana, kaka. Ni yeye tu. Nitangoja."

Akangoja huku watu wa foleni wakinung'unika.

"Umeanguka wapi tena?" Sauti ya Obadiah ilikuwa baridi.

"Sijaanguka. Siku ile nilitaka mkono, na ungeweza kuwa wa yeyote. Sikudanganyi. Leo nakutaka wewe."

"Fanuel aliyepokea simu anasema alitaka kukusaidia, ukamkataa."

"Nilimkataa."

"Huku usiku ni vyura tu, Peris. Hakuna mtu."

"Huku hata vyura hakuna."

Akamsikia akivuta pumzi. "Basi wazee wangu wapande Mgange kwa baba yako? Niambie wewe mwenyewe."

Peris alifungua mdomo, laini ikakatika. "Ndiyo," aliiambia simu iliyokufa, "ndiyo, mpenzi," mpaka karani wa posta akagonga kioo.

Akajifuta machozi, akatoka, akaenda kusimama tena mwisho wa foleni.