Mapigo Juu ya Meza ya Fundi

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, mshonaji, naye si mtu wa kuzusha. Mama yake alikuwa hoi kitandani, wakamvisha saa ya kupima mapigo ya moyo ili ilie yakilegea. Saa ikaanza kunyamaza ovyo. Rafiki yangu akamvua, akakimbilia nayo kwa fundi.

"Ninunue toleo jipya au hii bado inatengenezeka? Niambie kweli, kaka, sina mama mwingine."

Fundi akaizima, akaifungua, akatoa betri. Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, giza likawa totoro. Ndani ya giza hilo saa ikaanza kulia mezani, ti... ti... ti, polepole, kama mtu anayechoka.

"Dada," fundi akanong'ona, "betri ninayo mkononi."

Rafiki yangu akapiga simu nyumbani. Akapokea mdogo wake.

"Mama vipi?"

"Yupo, dada, ila anahangaika. Anatusihi tumvue saa, inambana. Nimemwambia umeondoka nayo, lakini alama ya mkanda inazidi kudidimia kwenye ngozi, nikiiona hivi hivi."