Alichosema Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alimpaka shangazi yake mafuta mikononi. Shangazi aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akainyoosha mikono yote miwili, na Redio akasugua mafuta ya mgando taratibu kwenye nyufa za viganja. Nyufa nyingine zilikuwa za zamani na zimekakamaa. Nyingine zilikuwa mpya, na mafuta yalipoziingia shangazi aliuma meno akatazama pembeni.

"Nisomee," alisema. "Nisahau hii mikono."

Redio akasoma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alisoma Kiingereza kama msomaji wa taarifa ya habari, bila kukwama. Shangazi hakuelewa hata neno moja, lakini alisikiliza kwa heshima. Binti yake wa miaka minne, ambaye kila mtu alimwita Kifungo kwa kuwa mfupi na mviringo, alijilaza mapajani mwa mama yake akiziiga zile sauti, na wote watatu wakacheka.

Kisha shangazi alifunga kitambaa kichwani akaenda kazini. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha ngozi. Huko ngozi mbichi ziliwekwa kwenye visima vya chokaa mpaka manyoya yalegee, halafu wanawake wakazitandika juu ya magogo na kukwangua mabaki ya nyama kwa visu vyenye mipini miwili. Chokaa haichagui. Huila ngozi ya ng'ombe, na huila ya mtu pia. Maji yaliyobaki yalitiririka kwenye mfereji ulio wazi, yakapita nyuma ya vyoo vya shule, yakashuka hadi bondeni, mahali palipokuwa na kisima cha mtaa. Siku nyingine mfereji ulikuwa mweupe kama uji. Siku nyingine ulikuwa wa buluu.

Muhula ule, somo la Kiingereza lilikuwa limefika kwenye mada ya matatizo ya mazingira na jamii. Kitabu kilikuwa na picha nzuri. Kulikuwa na barafu inayoyeyuka katika bahari za mbali, na ndege aliyelowa mafuta meusi. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni, darasa likaziimba.

Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, aliyeitwa Mrefu, alinyoosha mkono. "Mwalimu, na ule mfereji wa nyuma ya vyoo, nao ni tatizo la mazingira?"

"Uliza kwa Kiingereza," alisema mwalimu.

Mrefu akafungua kinywa, akakifunga.

"Basi kaa. Na hata hivyo, hilo halimo kitabuni."

Darasa lilicheka. Redio naye alicheka, ingawa swali lile angeweza kulitafsiri lote bila taabu.

Wiki iliyofuata mkaguzi wa mazingira alikuja kutoka mbali, mama mmoja mwenye miwani na buti za mpira. Hakujua Kiswahili. Mkalimani wake alikuwa ameugua njiani, kwa hiyo kiwanda kiliomba msaada shuleni, na mwalimu wa Kiingereza hakuhitaji kufikiri mara mbili. Alimwita Redio ofisini, akampa karatasi yenye sentensi kumi.

"Zihifadhi hizi. Ukikwama, rudi kwenye hizi."

Redio akazisoma. Kiwanda chetu kinajali mazingira. Wafanyakazi wana furaha. Maji yetu ni safi.

"Mwalimu, na wafanyakazi wakisema kitu kingine?"

Mwalimu alivua miwani yake akaifuta kwa shati. "Madawati mnayokalia yalitoka wapi?"

"Kiwandani."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na tena, mwezi ujao nampeleka mwanafunzi mmoja kwenye shindano la hotuba la shule zote. Mpaka sasa ni wewe."

Alisema hayo kwa upole. Hakutisha mtu. Pengine kama angetisha, Redio angeweza kukasirika, na hasira ingemsaidia.

Kiwandani, msimamizi aliwatembeza mkaguzi, Redio na mwalimu kati ya magogo akiwa ameweka mikono nyuma. Mkaguzi alisimama mbele ya wanawake watano akauliza kama kuna tatizo lolote. Redio akauliza hivyo kwa Kiswahili. Wanawake walitazamana. Kisha shangazi akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akamkazia macho yule mgeni.

"Mwambie hivi, mwanangu. Mwambie chokaa inatula mikono na glavu hatuna. Mwambie maji ya mfereji yanaingia kwenye kisima chetu, na kisima kina harufu tangu mwaka juzi. Mwambie watoto wanaharisha. Muuguzi ametuambia tuteke maji ya bomba la juu, na kule ni saa nzima kupanda. Mwambie tunaomba kisima kipimwe."

Redio alikuwa na maneno yote. Hapakuwa na hata moja alilolikosa. Alimwona msimamizi akitazama buti zake. Alimwona mwalimu, nyuma ya kila mtu, akigusa mfuko wa shati uliokuwa na fomu ya shindano.

Akamgeukia mkaguzi. Kwa sauti safi ya taarifa ya habari, alimwambia kwamba wanawake hawa wanashukuru kwa kazi yao, kwamba kiwanda kinajali mazingira, na kwamba maji ni safi.

Mkaguzi aliandika. Shangazi, aliyeona mgeni anaandika na kuandika, aliinamisha kichwa na kusema asante. Mkaguzi akatabasamu. Shangazi naye akatabasamu. Redio alisimama katikati yao, na kati ya watu watatu ni yeye peke yake aliyejua kilichotokea.

"Umetuokoa," mwalimu alimwambia langoni.

Nyumbani, shangazi aliwasimulia majirani mpaka sauti ikamkauka. "Mngemsikia wenyewe! Maneno yangu yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Yule mama aliandika mpaka kalamu ikachoka."

"Mwache atambe," alisema jirani mmoja akicheka. "Amelea wakili."

Tangu muuguzi alipotoa onyo, shangazi alikuwa akipanda kila jioni hadi bomba la juu, ndoo kichwani, baada ya siku nzima ya kukwangua. Siku ya tatu baada ya ukaguzi aliweka ndoo chini mlangoni, akakaa, akasema, "Leo nitateka bondeni."

Redio aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Kwenye kisima? Si muuguzi alikataza?"

"Alikataza. Lakini yule mama mkaguzi ameambiwa habari yote ya kisima na hakukifunga. Hata neno la tahadhari hakutoa. Kama kingekuwa na sumu, mtu mwenye elimu vile angetuacha tunywe?"

Hapo ndipo angesema. Sentensi moja ingetosha. Redio alitazama miguu ya shangazi iliyovimba, akatazama daftari lenye hotuba yake ya shindano, akasema, "Nitakwenda mimi bomba la juu."

"Wewe una mitihani. Soma."

Siku mbili Redio aliamka mapema akapanda mwenyewe. Siku ya tatu mvua ilinyesha, hakwenda. Maji yaliyokuwa kwenye mtungi siku hiyo shangazi alikuwa ameyateka kisimani, na Kifungo aliyanywa kwa kikombe chake cha bati kama alivyokunywa maji maisha yake yote, bila kuuliza yametoka wapi.

Alianza kuharisha siku ya Alhamisi. Ijumaa hakuweza kusimama. Jumamosi alilazwa zahanati, akatundikiwa maji, na macho yake yakaingia ndani mpaka Redio, aliyekaa kando ya kitanda, akashindwa kuyatazama. Watoto wengine wanne wa mtaa walikuwa kwenye vitanda vya karibu. Muuguzi alipita kati yao akikagua chupa za maji. Alimwuliza shangazi swali moja tu: "Mlirudi kisimani?"

"Tulirudi," alisema shangazi.

Kifungo alikaa siku sita. Alirudi nyumbani akiwa amebebwa mgongoni, mwepesi kama kitambaa. Jioni ileile mjumbe wa mtaa alikuja na karatasi kutoka kwa mkaguzi, majirani wakimfuata nyuma. Ilikuwa kwa Kiingereza.

"Redio, fungulia," alisema Mrefu, aliyekuja na mama yake, na watu wakacheka kidogo. Walikuwa na matumaini. Walikaa barazani na kwenye ngazi, wengine wakasimama.

Redio alisoma moyoni kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, bila kubadilisha kitu. "Wafanyakazi waliohojiwa hawakuwa na malalamiko yoyote. Walieleza kwamba maji ni safi. Kwa sababu hiyo, hakuna hatua inayohitajika."

"Rudia," alisema mjumbe.

Akarudia.

"Mwongo yule," alisema mama yake Mrefu. "Alituchekea usoni. Wamemnunua."

"Watu wa miwani ndivyo walivyo," alisema mwingine. "Unalia, anaandika kwamba umeimba."

Kila mtu alianza kumtukana yule mkaguzi. Redio aliwasikia, akaona mlango uko wazi kabisa mbele yake. Hakuhitaji hata kusema uongo mwingine. Ilitosha kunyamaza. Mkaguzi alikuwa mbali na asingejua kamwe alivyotukanwa. Kifungo alikohoa ndani, kikohozi kidogo kikavu.

"Hakudanganya," alisema Redio. "Aliandika nilichomwambia. Ni mimi niliyemwambia hivyo."

Walifikiri hawakusikia vizuri. Ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Shangazi hakuinuka. Hakumpiga. Aliuliza tu, "Siku ile mimi nilisema nini?"

"Shangazi..."

"Nimekuuliza. Nilisema nini?"

Redio akayasema, mbele ya wote, kwa mpangilio uleule: chokaa, glavu, mfereji, harufu, watoto, bomba la juu. Hakusahau neno.

"Kumbe ulisikia," alisema shangazi.

Akaingia ndani kwa mtoto wake, na majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Kesho yake shangazi alimfuata muuguzi, akarudi naye. Meza iliwekwa barazani ili mkaguzi aandikiwe barua. Shangazi alisema, Redio akaandika kwa Kiingereza, na kila sentensi ilipokamilika muuguzi aliisoma na kuirudisha kwa Kiswahili ili watu wote wasikie kama ni ileile.

"Si kwamba simwamini," shangazi aliwaambia majirani. Akafikiri. "Au niseme kweli. Simwamini."

Redio aliinamisha uso akaendelea kuandika. Mwishoni, bila kuambiwa, aliongeza aya yake mwenyewe akieleza alichofanya siku ya ukaguzi. Muuguzi aliisoma nayo kwa sauti.

Shuleni alimweleza mwalimu kabla barua haijatumwa. Mwalimu alivua miwani yake akaifuta tena. "Na madawati?" aliuliza hatimaye.

"Kifungo alilazwa siku sita, mwalimu."

Mwanafunzi mwingine alipelekwa kwenye shindano. Lakini Jumatatu, mwalimu aliwatoa darasa la saba nje, akawasimamisha kando ya mfereji huku kila mmoja ameziba pua, akamwambia Mrefu aulize swali lake. Lugha yoyote.

Mkaguzi alirudi baada ya majuma matatu akiwa na mkalimani wake na chupa za kupimia. Majibu yalipotoka, kisima kilifunikwa kwa zege. Kiwanda kiliamriwa kisimame mpaka kichimbe mabwawa ya kuchujia maji na kutoa glavu, na bomba likavutwa hadi bondeni. Mwezi mzima wanawake wa magogo hawakuwa na kazi. Wengine walimlaumu shangazi kwa hilo, wakimpita njiani bila salamu. Kifungo alipona, ila alibaki mwembamba, na watu wakaendelea kumwita Kifungo kwa mazoea tu.

Jioni moja shangazi alivuta kigoda, akaketi mbele ya Redio na daftari jipya.

"Nifundishe Kiingereza."

"Shangazi, nitakutafsiria mimi. Sitarudia tena, nakuapia."

"Usiape. Sikiliza." Aliweka mikono yake juu ya meza, nyufa zikiwa juu. "Anayesema kwa niaba ya mwenzake amebeba maji ya mwenzake kichwani. Akijikwaa yakamwagika, si dhambi. Aseme tu, yamemwagika, tutateka mengine. Wewe ulifika na ndoo tupu, ukatuambia imejaa. Tukakaa tukisubiri kunywa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nimekusamehe siku ile uliposema mbele za watu. Ungeweza kunyamaza na hukunyamaza, na hilo nitalikumbuka. Lakini kukuamini kutachukua muda wake, na wewe utangoja, kama tulivyongoja sisi. Elimu yako ni nzuri, mwanangu. Ila kama haiwezi kusema ukweli wa nyumbani kwako, haina faida kwa mtu yeyote, hata kwako." Akafungua daftari. "Haya. Anza na kisima."

Redio akalitaja neno. Shangazi akalitamka vibaya, akatikisa kichwa, akalirudia. Akalirudia tena, mpaka likakaa.