Mfunueni Mtoto

Mwanetu Zabron alizaliwa Jumanne, nyumbani, huku kwetu milimani, juu ya Magamba. Mvua ilikuwa imekata barabara, zahanati hatukufika. Mama mkwe wangu, Mama Efrazia, ndiye aliyempokea.

Baridi ya huku ikishikana na mvua, acha tu. Mtoto alifungwa kanga mbili, sweta, halafu blanketi zito. Hakuna kumfunua. Hata nepi alibadilishwa humo humo ndani, kwa kupapasa.

Kilichotoka nje ni mkono mmoja. Ulikuwa na vidole sita. Basi kila mgeni akija, anahesabu.

"Mgosi, mwanaume mwenzangu, huyu atang'oa karoti kukushinda!" jirani yangu Kristian akanicheka.

"Hicho cha sita nitakifunga uzi, kitadondoka chenyewe," Mama Efrazia akasema.

Akili zetu zote kwenye kidole.

Alhamisi asubuhi mtoto akakataa ziwa. Tumbo limejaa, gumu kama ngoma. Akatapika kitu cha kijani. Mke wangu Modesta akaanza kulia.

"Choo kimemfunga," Mama Efrazia akasema. Akachonga kipande cha sabuni amtie nyuma.

Hapo hapo akaingia Dada Mwanaheri, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tunamtia sabuni."

"Subiri kwanza. Tangu azaliwe amepata choo? Kile cha kwanza, cheusi kama lami?"

"Nepi inalowa," Modesta akajibu.

"Huo mkojo. Mfunueni nimwone."

"Kwa baridi hii? Unataka kumuua?" Mama Efrazia akang'aka.

"Dakika moja tu, mama. Alen, funga mlango."

Nikafunga. Tukamfunua. Dada Mwanaheri akaangalia makalioni, kisha akamwita Mama Efrazia naye aone. Hapakuwa na tundu la choo. Ngozi tupu.

Sabuni ikamdondoka. "Yesu wangu! Nilitaka kuipitisha wapi?"

"Si laana, mama, na si kosa la Modesta. Hili linatibika. Lakini leo, si kesho! Asinyonye tena, asipewe dawa yoyote. Modesta, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto njiani."

"Na kidole?" nikauliza.

"Msikifunge uzi, daktari atakiona. Ila sikilizeni. Mtoto akiwa na kasoro moja, huenda anazo nyingine. Akaguliwe mwili mzima siku hiyo hiyo. Na mtoto yeyote akimaliza siku nzima ya kwanza bila choo, hospitali."

Barabara ilishapitika. Kristian akashusha karoti zake kwenye pikapu, tukaondoka.

Hospitali wakamtundikia dripu, wakampitisha mpira puani kutoa uchafu wa tumboni. Wakapima moyo, figo na mgongo. Moyo una katundu kadogo.

"Tutakafuatilia kliniki," daktari akasema. "Kwanza tunamfungulia njia ya choo hapa tumboni. Akikua kidogo tutamtengenezea yake, mahali pake."

Ijumaa wakampasua.

Naandika haya ana miezi mitano, kilo sita na nusu. Operesheni ya pili ni mwezi ujao. Lakini mimi siisahau ile Jumamosi wodini. Modesta alichungulia kamfuko kalikobandikwa tumboni, kwenye ile njia mpya, akanishika mkono. Choo! Cheusi kama lami!

Mama Efrazia akapiga vigelegele wodi nzima ikaamka.

"Mama, hapa kuna wagonjwa!" nesi akaja mbio.

"Mjukuu wangu amekunya, mwanangu! Ninyamaze vipi?"

Nesi akaangalia kamfuko. Akageuka kuona kama daktari yupo. Hayupo. Akapiga na yeye kimoja, cha chini chini.